Mikumi: kuna haja ya kulipa kiingilio wakati barabara inapita katikati ya hifadhi?

Baba Neema, Tabata
Wakuu, habari za jioni. Shule zikifungwa Juni nataka kuwapeleka watoto wakaone wanyama. Wako watatu, mdogo ana miaka minne, na mama mkwe kasema habaki nyumbani. Usafiri ni Noah. Sasa kuna jamaa ofisini ananiambia nisipoteze hela getini, si barabara ya Mbeya inakatiza humo humo? Twende pole pole, tuone twiga dirishani, tule Mikumi mjini, tugeuze. Kweli, au ananiingiza chaka?

Dereva Mstaafu
Anakuingiza chaka, mwanangu. Nimeendesha basi la Dar–Mbeya mpaka nastaafu, kipande kile nakijua nje ndani. Swala pala na nyani utawaona, siku ya bahati hata tembo. Lakini ile ni barabara kuu: mwendo una kikomo, malori ya Zambia yanakupumulia kisogoni, na huruhusiwi kusimama upige picha. Ukigonga mnyama kuna faini, kila mnyama na bei yake. Ya twiga hata ukiuza hiyo Noah sidhani kama itatosha.

Ingia ndani. Mtanzania analipa kwa shilingi, wala si nyingi ukilinganisha na anazotoa mgeni. Noti mkononi hazisaidii pale, weka hela kwenye simu au kadi. Lala Mikumi mjini, geti likifunguliwa asubuhi uwe hapo.

Halafu msianze kumkimbiza simba. Watu wa Dar tuna pupa sana, mtu anazunguka kutwa anarudi na vumbi tupu. Nenda bwawa la viboko, zima injini. Mwanzoni ni maji tu. Baadaye masikio mawili yanachomoza, yanatikiswa, maji yanaruka, kisha pua inapuliza kama tairi linalotolewa upepo. Huyo wa miaka minne hatataka kuondoka.

Mama Shamimu
Naongezea. Sisi tulipanda treni ya SGR mpaka Morogoro, hata saa mbili hazifiki, tukakodi gari la paa la kufunguka huko huko. Bibi mgongo haukumuuma. Noah kwa Juni inaweza kupita njia kubwa za ndani, ila masika usijaribu, ule udongo mweusi unanasa. Na msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata. Vioo mfunge mkiwa mnakula, nyani hawana aibu.

Baba Neema, Tabata
Shikamoo mzee, ahsante dada. Saadani je? Mama mkwe anasema ni karibu, na kuna bahari.

Dereva Mstaafu
Marahaba. Saadani pazuri, mbuga inaishia ufukweni na mto Wami una viboko na mamba. Lakini wanyama wake wa kutafuta. Kwa watoto wanaoanza, Mikumi: ule uwanda wa Mkata uko wazi, pundamilia na nyumbu unawaona kwa mbali. Mama mkwe mwahidi Saadani Desemba.