Namba 4,294,967,297 inagawanyika au nachezewa shere?

Muuza Mchele, Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi mpwa wangu wa kidato cha sita alipita dukani, akachana boksi la sabuni akaniandikia hiyo namba. Anasema anza na 1, zidisha kwa 2 mara 32, halafu ongeza 1. Nikipata namba ya kuigawa pasibaki kitu, pweza wa jioni juu yake. Nikishindwa, juu yangu.

Mteja akitoka tu nashika kalkuleta. Nimejaribu namba tasa mojamoja mpaka 331, hola. Jana nimempimia mama mmoja mchele kilo mbili nikamtoza ya kilo moja, akili yote iko kwenye boksi.

Ila kuna kitu kimenishtua. Nikigawa kwa 3 inabaki 2. Kwa 5, 2. Kwa 17, 2. Kwa 257, 2 tena! Hiyo bahati tu?

Kijana wa Raskazone
Mzee, tia kwenye kompyuta, sekunde moja tu.

Muuza Mchele, Ngamiani
Kompyuta marufuku. Tumekubaliana kalkuleta ya duka na kalamu.

Ticha Chumbageni
Kaka, hiyo 2 si bahati. Zidisha 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Unapata 4,294,967,295, pungufu ya namba yako kwa 2 kamili. Lazima kila moja ikuachie 2.

Hizo tano ni dada zake, za ukoo mmoja: anza na 1, zidisha kwa 2 mara 1, 2, 4, 8 au 16, halafu ongeza 1. Zote ni tasa, na mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa, Fermat, akaamini na hii ya sita ni tasa. Alikosea. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi, Euler, aliigawa, naye hakuwa hata na kalkuleta.

Siri ni hii: kigawo tasa chochote cha namba yako, ukikitoa 1, kinachobaki kinagawanyika kwa 64. Basi usiende mojamoja, ruka: 65, 129, 193... Zisizo tasa tupa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, na ya tano itafute mwenyewe, nisije nikaingizwa kwenye kesi ya pweza.

Muuza Mchele, Ngamiani
Ticha, Mungu akuweke! 193 imebakiza 109. 257 naijua. 449 na 577 zimeniletea nukta na mkia mrefu. Nikapiga 641: kioo kikaandika 6700417, kimya, hakuna nukta. Nimezidisha tena kwa kalamu nyuma ya boksi, imerudi ileile.

Ticha Chumbageni
Hongera. Ungeendelea na tasa zote kwa zamu, 641 ni ya 116. Na hiyo 6,700,417 usiiguse, nayo ni tasa.

Muuza Mchele, Ngamiani
Mpwa kaja na boksi jingine. Sasa anataka mara 64 badala ya 32, namba ya tarakimu 20, na kalkuleta yangu mwisho 12. Nimemwambia pweza kwanza.