Mrejesho: Simba na maumivu ya mgongo

Wadau, habari zenu. Nilileta swali kuhusu Simba, mbwa wangu wa miaka 12 wa aina ya German Shepherd, ambaye pingili zake za mgongo zimeota vijifupa na miguu ya nyuma inayumba. Niliuliza kama inafaa kumpa diklofenaki, hii dawa yetu ya kawaida ya maumivu. Asanteni sana mlionizuia. Daktari wa mifugo naye kasema vilevile: diklofenaki na ibuprofeni huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Baada ya kupimwa damu kuangalia ini na figo, ameanzishiwa meloksikamu, dawa ya maumivu, mara moja kwa siku, akishakula. Gabapentini imeongezwa kwa maumivu ya neva. Mwanzoni ilimlegeza, akawa anatembea kama mlevi, ila sasa ameizoea. Anayeitumia aepuke ile ya maji iliyotengenezewa binadamu: baadhi zina zailitoli (sukari mbadala), ambayo ni sumu kwa mbwa. Na haikatishwi ghafla.

Sakafu ndiyo iliyonishangaza. Vigae vilimtesa kuliko nilivyodhani; kila akijaribu kuinuka, miguu ya nyuma inateleza huku na huku, anaguna. Tumetandika mikeka ya mpira kutoka anapolala hadi kwenye bakuli la maji, na sasa anainuka mwenyewe. Ngazini namshikilia kwa taulo niliyoipitisha chini ya tumbo. Ugali umepunguzwa, uzito unashuka.

Hajapona, na hatapona. Lakini jana alinifuata hadi getini mkia ukicheza, na usiku halii tena. Dokta atarudia vipimo vya damu kabla ya kugusa dozi.