Jengo la kitivo linavuja kila masika: tuanzie wapi na fedha hizi chache?

Mwalimu wa Pwani ameuliza:

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wa wenye uzoefu wa kutunza majengo ya vyuo. Mimi ni mhadhiri wa historia katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa ukanda wa pwani ya Tanzania, na mwaka huu nimeteuliwa kuongoza kamati ndogo ya kitivo inayoshughulikia ukarabati. Sijawahi kusimamia hata ujenzi wa banda, kwa hiyo naomba mnieleze kama mnavyomweleza mtu anayeanza.

Jengo letu lilijengwa miaka ya 1970. Lina ghorofa tatu, paa bapa la zege na korido za wazi pande zote mbili. Kila masika maji hupenya kwenye dari ya ghorofa ya juu, na ofisi mbili tumezifunga kabisa kwa sababu ya ukungu. Mwaka jana kipande kikubwa cha silingibodi kilianguka katika chumba cha mihadhara. Kilianguka usiku, na hadi leo ninamshukuru Mungu kwa hilo. Kwenye baadhi ya nguzo za korido plasta imebanduka na nondo zinaonekana zikiwa zimeshika kutu. Vyoo vya chini vinatiririsha maji usiku na mchana. Mlango mkuu una ngazi saba, na mwanafunzi wetu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu hubebwa na wenzake kila asubuhi, jambo ambalo linanisononesha kila ninapoliona.

Tumetengewa shilingi milioni 60. Wanakamati wengi wanataka tupake rangi, tubadilishe vigae vya sakafu na tufunge viyoyozi katika ofisi kumi, kwa kuwa tunatarajia wageni wa ukaguzi wa ithibati. Moyo wangu unasita, lakini sina hoja ya kitaalamu ya kuwapinga. Je, kwa fedha hizo, kazi ipi itangulie, na ni kwa sababu gani?

Mhandisi wa Milki amejibu:

Mwalimu, nimefanya kazi katika ofisi za milki, yaani zinazotunza majengo, za vyuo viwili kwa miaka mingi, na jengo unalolieleza ninalifahamu hata kama sijalikanyaga. Anza na maji. Rangi iliyopakwa juu ya ukuta wenye unyevu haimalizi mwaka, na vigae vinavyowekwa chini ya dari inayovuja vitakuja kubanduliwa na fundi atakayeletwa kurekebisha dari hiyo hiyo.

Paa bapa, licha ya jina lake, halipaswi kuwa bapa. Linatakiwa kuwa na mteremko mdogo, angalau sentimita moja kwa kila sentimita 80, unaoyaelekeza maji kwenye matundu ya kutolea. Matundu yakizibwa na majani, maji husimama, hupata muda wa kutafuta ufa, na ufa wa upana wa unywele unatosha. Kwa hiyo kabla hujamwita mkandarasi yeyote, panda juu ya paa ukiwa na mtu wa milki na mhudumu wa usafi wa jengo, muone matundu yako mangapi na mangapi yanapitisha maji. Paa lisafishwe mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na tena mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Kazi hiyo haihitaji zabuni.

Ukitaka kujua panapovuja, ziba matundu ya sehemu moja ya paa, jaza maji ya kina kidogo, uyaache kwa siku nzima huku mtu akichunguza dari kwa chini. Usijaze sana. Maji ya kina cha sentimita tano yana uzito wa kilo 50 kwa kila mita moja ya mraba, na jengo ambalo nondo zake zimeanza kuliwa halipaswi kubebeshwa mzigo huo bila mhandisi kuliangalia kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo, mkataeni fundi atakayependekeza kumwaga tabaka jingine la saruji juu ya paa. Nimeona paa lenye matabaka matatu ya namna hiyo, kila moja likiwa limewekwa ili kuficha kushindwa kwa lililotangulia, na bado lilikuwa linavuja.

Sasa nondo, ambazo ndizo zilizonitia wasiwasi kuliko yote uliyoyaandika. Zege jipya huilinda nondo kwa sababu lina hali ya ualikali, yaani kinyume cha asidi, na katika hali hiyo chuma hakishiki kutu. Miaka inavyopita, hewa ya kaboni hupenya taratibu na kuipunguza hali hiyo. Huku kwetu pwani, chumvi ya bahari nayo huharakisha uharibifu. Nondo ikishaanza kutu hutanuka, na kutanuka huko ndiko kunakolisukuma zege lipasuke na kuanguka vipande. Fundi anayepiga plasta mpya juu ya nondo yenye kutu ameufunika ugonjwa, nao utaendelea kukua ndani. Utaratibu sahihi ni kuchimba zege bovu hadi nyuma ya nondo, kuisugua nondo hadi chuma safi kionekane, kuipaka dawa ya kuzuia kutu, kuongeza nondo mahali ilipoliwa sana, kisha kujaza kwa mchanganyiko maalumu wa ukarabati wa zege. Kwa kuwa ni nguzo, mleteni mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi azikague kabla ya mtu yeyote kugusa nyundo. Ada yake isikatwe kwenye bajeti, hata kama wanakamati watanung'unika.

Kuhusu viyoyozi: majengo ya kipindi hicho yalibuniwa ili upepo uingie upande mmoja na kutokea upande wa pili. Tazama majengo ya kwanza ya Mlimani, Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia mwaka 1964 kikitokea Mtaa wa Lumumba. Utaona vivuli vya madirisha, njia zilizoezekwa na vyumba vinavyopitisha hewa. Ukifunga madirisha na kuweka viyoyozi katika jengo lenye unyevu kwenye kuta, ukungu utapata makao mapya. Isitoshe, kiyoyozi kimoja cha ofisi hutumia takribani kilowati moja, wakati pangaboi hutumia wati 70 au 80. Ofisi kumi ni kilowati kumi juu ya nyaya za miaka ya 1970, na hakuna aliyezipima.

Wakubwa wetu hupenda kusubiri miradi mikubwa, kama ule wa HEET wa kuendeleza elimu ya juu, wa mwaka 2021, wenye mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Miradi hiyo ni ya heri na imetuletea majengo tuliyoyahitaji sana, lakini kila jengo jipya linaongeza paa jingine la kusafisha na mabomba mengine ya kutunza, na gharama hizo zinatoka kwenye kasma ile ile ya chuo ya kila mwaka.

Afisa Ununuzi amejibu:

Ninakubaliana na Mhandisi, ila ninaongeza jambo la kalenda ambalo huviangusha vyuo vingi. Mwaka wetu wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, na masika kwa kawaida huwa Machi hadi Mei. Mkisubiri hadi robo ya mwisho, mtajikuta mnafungua paa mvua ikinyesha, kwa hofu tu kwamba fedha zitarudi. Miezi mikavu ya pwani ni Juni hadi Septemba, na mingi kati yake iko mwanzoni mwa mwaka mpya wa fedha. Hivyo kazi ya paa iingizwe sasa katika mpango wa ununuzi wa mwaka ujao, nyaraka ziandaliwe mapema, zabuni itangazwe kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, Julai inapoanza, na mkandarasi awe ameshuka kutoka kwenye paa kabla ya vuli. Fedha za mwaka huu zitumike kwa ukaguzi wa mhandisi, ukarabati wa nguzo na vyoo.

Msije mkaigawa kazi moja vipande vipande ili kukwepa ushindani wa zabuni; Sheria ya Ununuzi wa Umma inakataza, na wakaguzi wataiona mara moja. Pia hakikisheni kwamba mkataba una kipindi cha uangalizi cha miezi kumi na miwili, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza, na kwamba sehemu ya malipo inazuiwa hadi kipindi hicho kiishe. Paa huthibitishwa na mvua. Likipokewa Septemba na kulipwa lote Oktoba, masika yatakapokuja mkandarasi atakuwa hapokei simu zenu.

Fundi Bomba Mstaafu amejibu:

Mwalimu, usivipuuze hivyo vyoo. Andika namba ya mita ya maji saa nne usiku jengo likiwa limefungwa, kisha isome tena saa kumi na moja alfajiri. Kama hakuna tangi linalojazwa usiku na namba zimesogea, basi hayo ni maji yanayopotea. Mtiririko wa lita moja tu kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, na kwa mwezi ni zaidi ya uniti 43 (uniti moja ni lita 1,000). Zidisha kwa bei mnayolipa, uipeleke hesabu hiyo mbele ya kamati. Mara nyingi kinachohitajika ni kubadilisha mpira na vali ndani ya tangi la kusukumia maji, kazi ya nusu saa.

Katika miaka yangu ya kazi, watu walionisaidia kuliko wote ni wahudumu wa usafi. Wao ndio wanaoona doa la kwanza darini na kusikia bomba linalolia usiku. Lakini hawana pa kuandika, na wakisema kwa mdomo hakuna anayerejea kuwajibu. Nunua daftari kubwa, liwekwe mapokezi, liwe na tarehe, chumba, tatizo, jina la fundi na siku lilipomalizwa. Baada ya miezi sita utajua ni choo gani kimetengenezwa mara tano, na hapo utaelewa kwamba tatizo liko kwenye bomba lililo nyuma ya ukuta.

Mhitimu wa 2019 amejibu:

Nimesoma chuo nikiwa kwenye kiti cha magurudumu, na nilibebwa hivyo hivyo kwa miaka mitatu. Wenzangu walikuwa wema sana. Hata hivyo, mtu mzima kubebwa mbele ya darasa zima kila siku ni jambo linalochosha roho, na siku ambazo wabebaji wangu walichelewa nami nilikosa mhadhara. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kufika na kuingia katika majengo ya umma, kwa hiyo njia ya mteremko isiwekwe mwisho wa orodha kama pambo.

Naomba ijengwe kwa vipimo. Kipimo kinachokubalika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kwenda juu. Ngazi zenu saba, zikiwa na sentimita 15 kila moja, ni sentimita 105. Mteremko utahitaji mita 12 na sentimita 60, pamoja na sehemu tambarare ya kupumzikia katikati na mikono ya kushika pande zote mbili. Nimeona miteremko ya mita nne kwenye ngazi kama hizo. Hakuna anayeweza kuipanda peke yake, na kuiteremka ni hatari zaidi.

Wakati mkisubiri ujenzi, mwambieni mratibu wa ratiba ayahamishie masomo ya mwanafunzi huyo katika vyumba visivyo na ngazi. Hilo linawezekana Jumatatu ijayo, na halihitaji hata shilingi moja.

Mwalimu wa Pwani amejibu:

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Jana nilipanda juu ya paa pamoja na fundi wa milki na mama anayesafisha ghorofa ya tatu, ambaye amefanya kazi katika jengo hilo kuliko sisi sote. Tulikuta matundu manne, na matatu kati yake yamezibwa kabisa na majani ya mwarobaini. Zaidi ya hapo, tangi la maji lililo juu ya mojawapo ya zile ofisi mbili linavuja kwenye kiungo cha bomba. Sehemu ya maji tuliyokuwa tukiilaumu mvua yamekuwa yakitoka huko hata wakati wa kiangazi. Mama huyo alisema alishatoa taarifa miaka miwili iliyopita. Nilimwomba radhi hapo hapo juu ya paa.

Mita tumeisoma usiku na alfajiri: imesogea lita 900 kwa saa saba, na tangi lile lilikuwa limefungiwa maji. Ratiba ya mwanafunzi wetu imeshabadilishwa, na kamati imekubali kuahirisha viyoyozi hadi nyaya zipimwe. Rangi bado wanaing'ang'ania, nami nimependekeza ipakwe ukumbi wa chini tu, ambako kuta ni kavu.

Swali moja limebaki. Wiki ijayo tunataka kuing'oa silingibodi iliyosalia katika chumba cha mihadhara, kwa kutumia vibarua. Je, kuna tahadhari yoyote?

Mhandisi wa Milki amejibu:

Ndiyo, Mwalimu, na tafadhali simamisheni kazi hiyo kwanza. Silingibodi za miaka ya 1970 zinaweza kuwa na asbestosi, madini ya nyuzinyuzi yenye madhara kwa afya, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na za kawaida. Zikivunjwa au kukatwa kwa msumeno, hutoa vumbi la nyuzi ndogo mno zinazobaki mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi. Chukueni kipande kilichokwisha kuanguka, kilowekeni maji, kifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kipelekwe maabara kwa kupitia ofisi ya milki. Mpaka majibu yatakaporudi, chumba kifungwe, pangaboi lisiwashwe, na mhudumu wa usafi asifagie humo kwa ufagio mkavu.