Diski ya 1TB haisomi kwenye deskitopu: bayosi mara inaiona, mara haiioni

Kibatari

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na hadi-diski.

Mashine ni deskitopu ya kuunga, mazabodi (ubao mkuu) ya H81, Windows 10 iko kwenye SSD (diski isiyozunguka) ya 240GB. Diski ya pili ni ile nene ya inchi 3.5, 1TB, imejaa picha na video za kazi na hazina nakala kwingine. Tangu umeme ulipokatika na kurudi mfululizo jioni moja, diski hiyo haionekani kwenye This PC wala Disk Management. Ukiigusa inatetemeka, kwa hiyo inazunguka. Haigongigongi wala haipigi mlio wowote wa ajabu.

Kinachonichanganya: nikiwasha mashine ikiwa imepoa, bayosi (programu ya mazabodi inayotambua vifaa kabla ya Windows) inaonyesha SSD na DVD tu. Nikiiacha iwake kidogo halafu nikaiwasha upya bila kuzima, mara nyingine diski inatokea na jina lake na ukubwa wake sahihi, Windows inaifungua, mafolda yote yapo. Nikianza kunakili faili kubwa inaganda, halafu diski inapotea tena. Waya wa data nimebadilisha, hali ni ileile. Umeme wake unapita kwenye adapta ya Molex (kiungio cha zamani cha pini nne) kwenda SATA (kiungio cha diski za sasa), maana vichwa viwili vya SATA vya pawa saplai vimechukuliwa na SSD na DVD.

Imekufa hii, au kuna la kufanya kabla ya kumpelekea fundi?

Jembe_la_IT

Ikitokea tu, nenda Disk Management, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake, Initialize Disk, chagua GPT, kisha New Simple Volume. Mchezo umeisha.

Saketi255

Mkuu Kibatari, hilo la hapo juu usiliguse. Initialize ni ya diski mpya isiyo na kitu. Kwa diski yenye data, inaandika jedwali jipya la sehemu za diski juu ya lile la zamani, na New Simple Volume ikifuatia inafomati kabisa. Windows ikikuletea kidirisha cha Initialize au cha kufomati, bonyeza Cancel. Na chkdsk, ile ya Windows ya kukagua diski, iache kwanza. Ile hurekebisha kwa kuandika kwenye diski, na diski inayopotea katikati ya kuandikiwa ndiyo inayoharibu mafolda yaliyokuwa mazima.

Sasa tuje kwenye tatizo. Mpaka wa kwanza wa kuangalia siku zote ni bayosi. Ikiwa bayosi inaiona na Windows haiioni, shida ni ya mipangilio: diski haina herufi, iko Offline, imeandikwa Foreign (ya mashine nyingine), au mtu amegusa AHCI na RAID (namna mazabodi inavyowasiliana na diski). Ikiwa bayosi yenyewe haiioni, Windows haina la kuifanyia, hata ubadilishe draiva mpaka asubuhi. Yako inaonekana na kupotea ngazi ya bayosi, kwa hiyo tunatafuta umeme, viungio, au diski yenyewe.

Dalili zako zinaelekea kwenye umeme. Motor ya diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka kutoka kusimama huvuta kama ampea 2 kwenye laini ya volti 12, kisha ikishika mwendo hushuka sana chini ya hapo. Ukiwasha mashine imepoa, njia ya umeme ikiwa dhaifu volti zinaanguka palepale, diski inachelewa kuwa tayari, na bayosi imeshamaliza kuhesabu vifaa. Ukiwasha upya bila kuzima, diski tayari inazunguka, ndiyo maana inaonekana. Kunakili faili kubwa ni mzigo tena: vichwa vya kusomea vilivyo ndani ya diski vinahama bila kupumzika, volti zinashuka, diski inajizima na kuanza upya, Windows inahesabu umeichomoa.

Na hiyo adapta ya Molex ndiyo mshukiwa wangu namba moja. Zile ambazo kichwa cha SATA kimemiminiwa plastiki moja nyaya zikiwa ndani zina sifa mbaya kabisa. Pini ziko karibu mno, plastiki ikipata moto zinagusana, na zimeshawahi kuwaka moto. Kama huna budi kutumia adapta, tafuta ile ambayo kila waya unaonekana ukiingia kwenye nafasi yake na kufunikwa na kifuniko cha kubana.

Fanya hivi. Zima, zima na swichi ya nyuma ya pawa saplai, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. DVD huihitaji kwa jaribio hili: chomoa kichwa chake cha SATA cha umeme ukichomeke kwenye diski, na diski uihamishie kwenye tundu la data lililokuwa la DVD. Adapta iweke pembeni. Usihofu tundu likiwa la 3Gb/s. H81 ina mawili ya 6 na mawili ya 3, na diski ya kuzunguka haiwezi kujaza hata hilo la 3.

Washa ikiwa imepoa, ingia bayosi, uone. Jaribio lako ni la mashine iliyopoa. Ukiwasha yenye joto hujathibitisha kitu.

Kama una multimita, kabla ya kuitupa adapta iunganishe tena mara moja kwa ajili ya kipimo. Weka DC 20V, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa njano, ukiingilia nyuma ya kiungio cha Molex ambako pini ziko wazi. Pima pande zote mbili za kiungio, upande wa pawa saplai na upande wa adapta, wakati diski inaanza kuzunguka. Kinachokubalika ni 11.4 hadi 12.6. Waya mwekundu ni wa volti 5, mpaka wake ni 4.75 hadi 5.25. Pande zote zikianguka, pawa saplai imechoka. Ukiona upande mmoja ni mzima na wa pili umeanguka, ubaya uko kwenye kiungio. Angalia mkono usitikise Molex mashine ikiwa inawaka.

Bi_Kebo

Kaka Kibatari, naongezea hapo kwa Saketi. Siku diski ikitokea, usikimbilie kunakili. Fungua kwanza programu ya CrystalDiskInfo usome SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea), ni usomaji mwepesi tu. Namba zake za kulia huja kwa mfumo wa heksa (msingi wa 16), watu wengi hupata presha bure; ingia Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC].

Mistari ya kuangalia ni hii. 05, C5 na C6 ni afya ya sahani zenyewe, yaani duara za ndani zinazobeba data: sekta (vipande vidogo vya sahani) zilizohamishwa, zinazosubiri, na zilizoshindikana kabisa. Zikiwa sifuri, sahani ni nzima kwa kadiri diski inavyojijua. C7 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na mazabodi. Ikipanda, tazama waya wa data, matundu, na umeme usiotulia. Mstari ambao wengi huuruka ni C0, idadi ya mara diski ilivyorudisha vichwa kwa dharura baada ya kukatikiwa umeme. Andika namba yake, nakili faili mpaka ipotee, washa upya, isome tena. Ikiwa C0 imeongezeka na kompyuta haikuzimika, basi diski ilikosa umeme wakati mashine inaendelea kuwaka. Huo ni ushahidi, si kubahatisha.

Halafu Event Viewer, Windows Logs, System. Tukio namba 157 maana yake diski imeondoka ghafla. 129 ni Windows ilisubiri jibu ikachoka, ikaagiza diski ianze upya. Zote mbili huenda na waya au umeme. Ukikuta namba 7 nyingi, hiyo ni sekta mbovu, na hapo mazungumzo yanabadilika.

Pwani_Linux

Mimi ningetanguliza data, vipimo baadaye. Kwa kuwa hakuna nakala, kila jaribio kwenye diski hii ni kamari, hasa hilo la kuinakilisha mpaka ipotee. Fanya jaribio la C0 kama umeshaokoa faili, au usifanye kabisa.

Tengeneza flashi ya Linux yoyote ya kuwashia bila kusakinisha, kisha angalia kumbukumbu za mfumo:

`sudo dmesg | grep -i ata`

Ukiona `SATA link down` kwenye tundu lenye diski, mazabodi haipati jibu lolote: umeme au waya, au saketi ya diski imekufa. `COMRESET failed` ni kwamba kuna kitu upande wa pili ila hakijibu kwa wakati. `limiting SATA link speed to 1.5 Gbps` ni mfumo umeona makosa mengi ukapunguza kasi, na hilo huelekeza kwenye waya au kiungio kabla ya diski.

Ikisomeka ikatulia, nakili kawaida, ukianza na yale mafolda ambayo ukiyakosa utalia. Ikiwa C5 si sifuri au inasoma kwa kusuasua, acha kunakili faili moja moja, piga picha ya diski nzima (nakala yake yote kwenye faili moja) kwa programu ya ddrescue:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/ramani.map`

Hakikisha kwa `lsblk` kwamba sdb ndiyo yenyewe. Herufi hubadilika kila unapowasha. Diski ya nje iwe na nafasi zaidi ya 1TB na isiwe FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofika 4GB. Lile faili la ramani usilifute: diski ikipotea katikati, unarudia amri ileile nayo inaendelea ilipoishia. Mzunguko wa pili ondoa `-n`, weka `-r3`, irudie sehemu ngumu mara tatu.

Ikianza kugonga tak-tak-tak, zima. Hivyo ni vichwa, na kila dakika inayopita vinaweza kuwa vinakwangua sahani. Hapo ni kazi ya maabara ya kuokoa data. Kuiweka friji au kuigongagonga ni kuongeza unyevu na mikwaruzo.

Kibatari

Nimerudi na majibu, wakuu.

Nimehamisha kichwa cha umeme cha DVD na tundu lake kama Saketi alivyoeleza. Mashine imepoa kabisa, nikawasha, bayosi ikaiona hapohapo. Mafolda yote nimeyanakili kwenye diski ya nje, haikukatika. SMART: 05 sifuri, C5 sifuri, C6 sifuri, C7 ni 412. Event Viewer imejaa 129 na 157, namba 7 haipo hata moja.

Baada ya data kuwa salama nikarudisha adapta nipime. Upande wa pawa saplai 12.02, diski ikianza kuzunguka inagusa 11.9. Upande wa adapta, wakati huohuo, 10.8. Nilipochomoa Molex nikaona tundu la pini ya waya wa njano limepanuka, halibani tena, na plastiki yake pembeni imekuwa ya kahawia. Harufu ipo ukisogeza pua.

Sasa swali: hizo 412 za C7 nazifutaje? Na DVD naihitaji bado.

Saketi255

C7 haifutiki, ni kumbukumbu ya kudumu ya diski. Andika 412 kwenye kikaratasi ukibandike juu yake. Ikibaki 412 baada ya wiki kadhaa za kazi, umepona. Ikipanda, rudi kwenye waya wa data.

DVD ipe kigawanyaji cha SATA kimoja kwenda viwili, ukikichukua kutoka kichwa cha SSD. SSD na DVD havianzi na mzigo mkubwa kama diski ya kuzunguka. Kichwa kizima cha pawa saplai kiachie diski. Ule mdomo wa Molex wa upande wa pawa saplai uangalie nao. Kama umebadilika rangi, ufunge usitumike tena, hata kwa feni.

Tumbatu8

Samahani kudandia uzi. Mimi nina ya 8TB niliyoitoa kwenye kasha la nje la USB. Ndani ya kasha ilikuwa inafanya kazi, kwenye deskitopu haizunguki kabisa, bayosi haina habari nayo. Umeme wa kichwa ni mzima, diski nyingine inawaka palepale.

Bi_Kebo

Ndugu Tumbatu, hiyo si mbovu. Diski nyingi za ukubwa huo zinafuata toleo la SATA ambalo pini ya 3 ya umeme ni ya kuamuru diski izime. Pawa saplai za zamani hupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo muda wote, basi diski inatii, inakaa imezima. Suluhisho ni kuzuia pini ya 3 kwa ukanda mwembamba wa utepe wa Kapton (usiopitisha umeme), ukihesabu kutoka upande uliopakana na tundu la data. Selotepu ya kawaida huteleza ukichomeka. Njia nyingine ni adapta ya Molex, maana Molex haina volti 3.3, ila iwe ile ya kifuniko cha kubana na Molex iwe inabana vizuri, umeshaona ya Kibatari.

Tahadhari moja: ikizunguka halafu Windows ikasema haijaanzishwa, usikubali kama ina data. Saketi za baadhi ya makasha husimba data au huhesabu sekta kwa ukubwa tofauti, kwa hiyo diski ileile ikiunganishwa moja kwa moja inaonekana tupu. Irudishe kasheni, nakili vyote, ndipo uifomati ndani ya deskitopu.