Tupeane uzoefu: biashara ilipotaka kukua, wewe ukaogopa

Habari zenu wapendwa. Niko Dodoma, natengeneza siagi ya karanga. Mwaka jana duka kubwa la hapa mjini liliniomba makopo 300 kwa mwezi. Nikasema nitawajibu kesho, sikujibu. Walipopiga tena nikawaambia mashine imeharibika, na muda huohuo ilikuwa inasaga mezani mbele yangu. Iliniuma sana kusema uongo ule.

Usiku nikachukua daftari. Kopo moja linanigharimu kama 3,500, makopo 300 ni 1,050,000, na duka linalipa baada ya siku 45. Kumbe sikuogopa kukua, niliogopa mtaji kukauka huku nadai. Nikarudi kuomba nianze na makopo 80, wakakubali, ila wakataka alama ya TBS, yaani ya Shirika la Viwango Tanzania. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, walinipa barua ya utambulisho, na kwa barua hiyo sisi wadogo tunapata alama bila malipo miaka mitatu ya mwanzo. Wakaguzi walikuja hadi jikoni. Nilipoelezwa habari za sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, nikaanza kuchambua karanga kwenye ungo punje kwa punje: iliyosinyaa natoa, yenye ukungu natoa. Kazi imeongezeka, lakini usingizi umerudi.

Nanyi mlivukaje? Karibuni.

Fundi cherehani, Morogoro
Hongera dada. Mimi niliogopa mikono ya watu. Sare za shule zikianza Desemba nalala kwa masaa matatu tu usiku, na bado sitaki msaidizi, naona atanichafulia jina. Mwishowe kukata nikabaki nako mwenyewe, kushona nikawapa vijana wawili kwa malipo ya kipande. Mwezi wa kwanza suruali 6 zilirudi, mkanda umepinda. Nilizifumua mbele yao tukazishona upya pamoja. Msimu uliofuata zilirudi 2.

Mama lishe, Buguruni
Mimi niseme ukweli, kuna hofu nyingine inafaa uisikilize. Nilifungua banda la pili nikamwachia ndugu. Sikuwa na kipimo chochote, jioni napokea hela anayonipa. Miezi minne nikafunga, na deni la kikoba juu. Sasa najua kilo moja ya mchele kwa upawa wangu inatoa sahani 6. Nikifungua tena nitahesabu sahani kwanza, hela baadaye.

Vifaa vya ujenzi, Kahama
Tusifichane, wengi wetu tunaogopa TRA, watu wa kodi. Nilikuwa naacha rafu za mbele wazi makusudi ili duka lionekane dogo, mteja anaulizia bawaba naenda kuitoa stoo. Wangapi waliona rafu tupu wakapita, sijui. Siku nilipokwenda mwenyewe kuuliza nikaelezwa vizuri: mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka unaweza kulipa kodi ya makadirio, tena kwa awamu nne. VAT nayo, kodi ya ongezeko la thamani niliyokuwa naiwaza kila siku, kwa duka kama langu ni mpaka mauzo yafike milioni 200. Mimi nilikuwa mbali kabisa na huko. Nimejaza rafu, na kila jioni naandika mauzo kabla sijafunga.

Fundi cherehani, Morogoro
Kaka wa Kahama, hiyo ya rafu imenigusa. Mimi nilikataa kuweka kibao cha biashara miaka miwili.

Mleta mada
Asanteni mno. Mama lishe, pole, na hesabu yako ya sahani naichukua kwenye karanga zangu: nitapima kilo mbichi na makopo yanayotoka. Sasa nina swali. Tuko wanawake watano, tunataka kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, usio na riba, tununue mashine kubwa. Aliyewahi kuupata aniambie, marejesho ya miezi ya mwanzo mliyabebaje, kabla duka halijawalipa?