Faili limekatika usiku wa pili mfululizo: upakuaji ulioshindwa unahesabiwa?

Mama Nuru, Jumanne, saa 1:10 asubuhi

Ndugu zangu, salamu. Naingia kazini sasa hivi, naandika haraka. Lile ombi la nakala ya faili nililowaeleza mwezi uliopita limejibiwa. Ofisi imenitumia kiungo, ZIP moja (mafaili mengi yaliyofungwa pamoja) ya giga 6.2, ndani yake barua zote pamoja na sauti ya mahojiano yangu ya miaka 14 iliyopita. Kiungo kinakufa Ijumaa usiku, na barua inasema naruhusiwa kupakua mara tatu tu.

Intaneti yangu ni ya kasi ya 2, mchana haifai, kwa hiyo naacha ipakue usiku. Jumapili nilianza saa tano usiku, asubuhi nikakuta skrini nyeusi, laptopu imelala, upakuaji umeshindwa kwenye giga 4. Jana nikaweka skrini isizime kabisa, nikalala na ule mwanga chumbani. Asubuhi yale yale, giga 4. Diski ya ndani imejaa, nahifadhi moja kwa moja kwenye flashi ya giga 64.

Swali langu ni moja: uliokatikia njiani unahesabiwa? Nimebakiwa na mara moja, au bado ninazo tatu? Nakutana na wakili Jumatatu.

Baba Imani, Jumanne, saa 1:42 asubuhi

Pole sana dada. Kuacha skrini inawaka hakukusaidii lolote. Kuzima skrini na kulala kwa kompyuta ni vitu viwili, kila kimoja kina muda wake. Skrini ikizima, upakuaji unaendelea. Kompyuta ikilala, kila kitu kinasimama. Ingia Mipangilio, Mfumo, sehemu ya umeme na betri: skrini izime baada ya dakika 5, kulala weka "kamwe". Angalia kwamba umebadilisha upande wa chaja, kwa sababu wa betri una muda wake peke yake. Mimi plagi ililegea usiku, laptopu ikahamia kwenye betri, ikalala baada ya dakika 15. Nilipoteza siku nzima nikiilaumu ofisi.

Shemeji K., Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Mnaotumia Mac fungueni Terminal (dirisha la kuandikia amri), andikeni caffeinate -i, mwache dirisha wazi. Hailali hadi mfunge dirisha. Kifuniko mnaweza kufunga.

Fundi, Jumanne, saa 2:20 asubuhi

> Kifuniko mnaweza kufunga.

Hapana. Shemeji, usiwaambie watu hivyo. Mac ukiifunga kifuniko inalala hata kama caffeinate inaendelea, isipokuwa umeiunganisha na skrini ya nje na umeme. Acha kifuniko wazi, punguza mwanga wa skrini hadi mwisho. Kwenye Windows kuna mpangilio wa kitendo cha kufunga kifuniko, unauweka "usifanye chochote". Hata hivyo mimi nakiacha wazi, joto lipate pa kutokea. Na jamani, laptopu isilale kitandani juu ya blanketi, matundu ya hewa yanaziba.

Shemeji K., Jumanne, saa 2:31 asubuhi

Yangu ina skrini ya nje, ndiyo maana. Ungeweza kuuliza kwanza. Tena, giga 6.2 kwa kasi ya 2 ni chini ya saa moja, sioni kwa nini anahitaji usiku kucha.

Fundi, Jumanne, saa 2:44 asubuhi

Kasi ya 2 anayouziwa mtu ni megabiti, si megabaiti. Biti 8 ndizo baiti 1. Giga 6.2 kwa megabiti 2 kwa sekunde ni karibu saa 7. Anahitaji usiku kucha.

Nyongeza kwa wenye Windows: fungua Command Prompt (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi, andika powercfg /requests. Inakuonyesha programu gani inaizuia kompyuta isilale. Ukiandika powercfg /a utaona aina ya usingizi uliyonayo. Laptopu nyingi za sasa zina S0 (usingizi mwepesi, mtandao unaweza kubaki) badala ya ile S3 ya zamani (usingizi mzito), na watu wanadhani S0 inaendelea kupakua kila kitu. Msiitegemee kwa kivinjari. Sogezeni pia saa za kazi za masasisho, ili isijiwashe upya saa tisa usiku.

Mzee Salim, Jumanne, saa 5 usiku

Wanangu, nimewasoma. Mwaka jana kaka yangu alipozikwa sikuweza kusafiri, karatasi zangu zilikuwa ofisini. Wakanirekodia mazishi yote, giga 11. Nilikaa usiku mbili mbele ya laptopu nikigusa panya kila mara isilale, sikujua kuna pa kuzuia. Upakuaji ulikatika mara nne. Kila ulipokatika niliona kama nimeachwa nyuma na msafara. Tulioko mbali tunazika kwa kiungo sasa.

Binti wa Pwani, Jumanne, saa 5:25 usiku

Shikamoo Mzee. Pole sana. Nimelia kusoma.

Naunga hapo hapo: Windows yangu nimeiweka kwa Kiswahili ili mama akija aitumie mwenyewe, na bado yale maneno ya kulala na kuzima yananichanganya. Watu wetu wanapoteza nyaraka kwa sababu hakuna aliyekaa akawaeleza tofauti hiyo kwa lugha yao. Hili ni jambo la kudai, tusiliachie mafundi.

Baba Imani, Jumatano, saa 1 asubuhi

Ni kweli, ila tusimsahau Mama Nuru. Dada, umebadilisha ile ya kulala?

Mama Nuru, Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Nimebadilisha, ila sijajaribu. Naogopa ndiyo mara ya mwisho. Hakuna aliyenijibu kuhusu hesabu.

Mwalimu, Jumatano, saa 6:30 mchana

Dada usianze kwanza! Nimerudia barua yako. Umekatika giga 4 mara zote mbili, pale pale. Kompyuta ikilala haichagui namba. Hiyo ni flashi. Flashi nyingi zinakuja na mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika giga 4, hata flashi yenyewe iwe na nafasi ya 64. Kwa kasi yako, giga 4 inatimia karibu na saa kumi kasorobo usiku. Hapo faili likagota, upakuaji ukashindwa, ukaja kuikuta asubuhi. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, tazama sifa zake, utaona.

Hamisha picha na video zako ziende kwenye flashi, moja moja ni ndogo zitaingia, na hiyo ZIP ihifadhi kwenye diski ya ndani. Acha nafasi ya giga 13 angalau, kwa sababu utaifungua pia.

Shemeji K., Jumatano, saa 7 mchana

Au aifomati tu flashi iwe exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa.

Mwalimu, Jumatano, saa 7:08 mchana

Kufomati kunafuta kila kilichomo. Hatujui ana nini humo.

Mama Nuru, Jumatano, saa 4:40 usiku

Ni FAT32. Nina picha za watoto humo, ahsante Mwalimu kwa kunizuia. Nimehamisha video, nimepata giga 15 ndani. Kulala "kamwe", skrini dakika 5, kifuniko wazi, iko mezani. Ofisini nilipiga simu mara tatu kuuliza hesabu ya kupakua, hawapokei. Naanza saa tano.

Baba Imani, Jumatano, saa 4:52 usiku

Chomeka chaja ukutani kabisa, uitikise kidogo uone kama taa inazima. Mimi nitakuwa macho hadi saa nane, ukiamka kuangalia andika hapa.