Mada ya mdahalo: ikitajwa "usalama wa taifa" hoja inaishia hapo. Tupime vipi?

Mwl_Uyole:
Wakuu, habari za huko. Klabu ya mdahalo ya kidato cha tano na sita hapa Mbeya ina mada hii: "Wananchi wakubali serikali ifanye siri, na hata iingie vitani, kwa ajili ya usalama wa taifa." Upande unaounga mkono ukishasema "adui anasikiliza", wapinzani wanakosa la kujibu. Naomba kipimo ambacho mwanafunzi anaweza kukitumia kwenye mfano wowote, na mifano yenye tarehe.

Kihesa_Juu:
Mwalimu, neno "siri" hapo limebeba vitu viwili, watenganishe kwanza. Kuna siri ya namna: kikosi kipi kinapita wapi, lini, na silaha gani. Halafu kuna siri ya sababu: kwa nini tunapigana. Ya kwanza karibu kila mtu anaikubali, na ni sawa kabisa. Ya pili hupitishwa kwa kujificha nyuma ya ya kwanza.

Chukua Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, kisha Amin akatangaza mwenyewe kwamba ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Nyerere alipohutubia tarehe 2 Novemba na kutaja uwezo, sababu na nia, sababu ilikuwa wazi kwa kila mwenye redio. Kilichofichwa ni mipango ya jeshi.

Sasa linganisha na Ghuba ya Tonkin. Agosti 1964 serikali ya Marekani ilisema meli zake zimeshambuliwa na Vietnam Kaskazini mara mbili, tarehe 2 na 4. Tarehe 7 Bunge likampa Rais Johnson ruhusa ya kutumia jeshi: wawakilishi 416 kwa 0, maseneta 88 kwa 2. Shambulio la tarehe 4 halikutokea. Nyaraka za shirika la ujasusi la NSA zinazoonyesha taarifa zilivyopotoshwa zilifunguliwa 2005, miaka 41 baada ya kura. Hapo adui hakuwa na cha kufichwa, alijua vizuri kama ameshambulia au la. Aliyefichwa ni mpiga kura. Wape wanafunzi swali hilo: siri hii anafichwa nani?

Matema_Beach:
Nakubaliana na Kihesa, ila kipimo chake kina ufa. Mara nyingine sababu yenyewe imetoka kwa mpelelezi, ukiitoa hadharani umemtoa na yeye. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Irak ina maabara za silaha za kibaiolojia zinazotembea kwenye malori. Shahidi mkuu alikuwa mkimbizi mmoja aliyehojiwa na majasusi wa Ujerumani, na alikuwa anadanganya. Mwananchi angemjuaje?

Asingemjua. Lakini angeweza kuuliza kama kuna mkaguzi mwingine. Na alikuwepo: kundi la Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, lilikuwa Irak tangu Novemba 2002. Tarehe 7 Machi Blix alisema kazi iliyobaki inahitaji miezi, si wiki wala miaka. Vita vikaanza tarehe 20. Serikali ikikataa kumsubiri mkaguzi aliyeko kazini tayari, hapo ndipo pa kushika.

Mfano wa nyumbani ni mpaka wa Ziwa Nyasa. Mwaka 2012 maneno yalikuwa makali, na huku Kyela watu walikuwa wanaulizana kama vita vinakuja. Ila msingi wa mgogoro, mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, ni maandishi ya wazi. Malawi inasema mpaka uko kwenye ufukwe wa upande wetu, sisi tunasema uko katikati ya ziwa. Mvuvi anaweza kuijadili hoja yote bila kugusa siri hata moja ya jeshi.

Mwl_Uyole:
Asanteni sana. Je, sheria zetu zinasaidia?

Sheria_Mafinga:
Soma Ibara ya 44 ya Katiba. Rais anaweza kutangaza hali ya vita, lakini nakala inakwenda kwa Spika, na ndani ya siku 14 Bunge linaitishwa kufikiria azimio la kuunga mkono. Kwa nyaraka, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: raia anaomba kwa maandishi, taasisi ina siku 30 za kujibu. Kifungu cha 6 kinazuia mambo ya ulinzi na ujasusi. Ombi ni rahisi kukwama ukiandika "taarifa zote kuhusu" jambo fulani. Taja waraka mmoja na kipindi chake, uone.

Kihesa_Juu:
Nimesahau muda, na huu ndio upande dhaifu wa Kagera. Watu walikubali kumfukuza mvamizi. Jeshi likaendelea hadi Kampala, tarehe 11 Aprili 1979, na baada ya hapo wananchi wakaombwa kufunga mikanda miezi 18. Ugumu ulidumu miaka. Wapinzani waulize: ridhaa hii ni ya jambo gani, na inaisha lini?

Pia piga kura mbili kabla ya mdahalo, moja ya siri ya namna, nyingine ya siri ya sababu. Ukiuliza kwa swali moja, "ndiyo" zote zitachanganyika na hutajua darasa limekubali nini.